Hofu Isiyoonekana: Habari za Val Lewton na Picha Zake

Mtu akitajiwa picha za sinema za kutisha, aghalabu hufikiri mara moja habari za damu, na viungo vilivyokatwa, na nyuso zilizopakwa rangi hata zikawa si nyuso tena. Picha za namna hiyo zipo, tena ni nyingi, na wako wazipendao. Nia yangu katika mazungumzo haya ni kueleza habari za picha za namna nyingine, zilizotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1942 na mwaka 1946, kwa fedha kidogo, chini ya majina ya kipuuzi ambayo mtengenezaji wake hakuyachagua. Wajuzi wa sinema wamezisifu, walakini watu wengi hawazijui. Katika picha hizo damu huonekana kwa nadra sana, na mnyama mkali haonyeshwi ila kidogo. Hata hivyo mtazamaji hutetemeka, na akiisha kutetemeka huona huzuni, jambo ambalo si la kawaida katika kazi za namna hii.

Wasikilizaji wa redio wanalijua jambo hili kuliko wengine, maana redio haina picha: mlango ukilia katika mchezo wa redio, kila mtu huuona mlango wa nyumba yake mwenyewe. Na kabla ya redio, bibi zetu walilijua. Msimuliaji akiisha kusema paukwa na kuitikiwa pakawa, kisha akafikia habari za zimwi, hapimi urefu wake wala hahesabu meno yake. Husema tu kwamba kulisikika kishindo nyuma ya nyumba, kisha hunyamaza kidogo. Watoto husogeleana wakati ule wa kunyamaza.

Mtu aliyeipeleka elimu hiyo katika studio za Hollywood alijulikana kwa jina la Val Lewton. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Vladimir Leventon. Alizaliwa mwaka 1904 huko Yalta, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi uliokuwa katika dola ya Urusi, na mwaka 1909 mama yake akahamia naye Marekani. Mama yake mdogo alikuwa Alla Nazimova, mchezaji mashuhuri wa tamthilia na wa sinema zisizo na sauti, basi kijana hakuwa mgeni wa mambo ya mchezo. Lakini yeye mwenyewe alianza kwa kalamu. Aliandika riwaya na makala za magazeti, kisha kwa miaka kadhaa akamtumikia David O. Selznick, yule aliyetoa Gone with the Wind mwaka 1939. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu na kumshauri bwana wake ni kipi kifaacho kufanywa picha. Katika kazi hiyo alikutana na Mfaransa mmoja, Jacques Tourneur, walipopewa kutayarisha pamoja sehemu za mapinduzi ya Paris katika picha ya A Tale of Two Cities ya mwaka 1935. Urafiki huo ulikuja kuzaa matunda.

Mwaka 1942 kampuni ya RKO ilikuwa katika dhiki. Picha mbili za kijana Orson Welles, Citizen Kane ya mwaka 1941 na The Magnificent Ambersons ya mwaka 1942, zilikuja kuhesabiwa miongoni mwa picha bora za ulimwengu, lakini wakati ule ziliitia kampuni hasara. Mkuu mpya wa studio, Charles Koerner, akaona jinsi majirani zake wa Universal walivyochuma fedha kwa Dracula na Frankenstein, zote mbili za mwaka 1931, na tena mwaka 1941 kwa habari za mtu ageukaye mbwa mwitu. Akataka RKO nayo iwe na karakana yake ya vitisho, akamwita Lewton aisimamie kwa mshahara wa dola 250 kwa wiki. Masharti yalikuwa matatu. Kila picha isigharimu zaidi ya dola 150,000. Isizidi dakika 75. Na jina la picha litoke juu, kwa wakubwa. Mkubwa angetamka jina, na Lewton angetafuta hadithi ya kulivisha.

Nadhani watumishi wengi wangeyapokea masharti hayo na kufanya kama walivyoagizwa, wapokee mshahara, walale. Lewton aliyatazama kwa jicho jingine. Aliona kwamba mradi jina liko ukutani na fedha hazijapita kipimo, wakubwa hawakujali sana ndani ya picha mna nini. Akajikusanyia watu wake: Tourneur awe mwongozaji, Mark Robson, kisha Robert Wise, vijana wawili waliokuwa wakikata na kuunga picha za Welles, DeWitt Bodeen aandike, Nicholas Musuraca awe mpiga picha, Roy Webb atunge muziki. Yeye mwenyewe aliyaandika upya maneno ya kila mchezo kabla ya kazi kuanza, ingawa mara nyingi hakuliweka jina lake.

Fedha zilikuwa chache, na vita vilizifanya chache zaidi, kwa kuwa serikali ya Marekani ilikuwa imeamuru kwamba vifaa vipya vya kujengea mandhari visizidi dola 5,000 kwa picha moja. Basi Lewton akaokota. Ngazi kubwa ya nyumba iliyojengwa kwa The Magnificent Ambersons ilikuwa bado imesimama; akaitumia katika picha yake ya kwanza. Pale ambapo hapakuwa na ukuta, Musuraca aliweka kivuli, na mtazamaji akajijengea ukuta mwenyewe. Giza halinunuliwi.

Picha hiyo ya kwanza iliitwa Cat People, yaani Watu Paka, na ilionyeshwa mwezi wa Desemba mwaka 1942. Nataka kukaa nayo kidogo, maana mengine yote yametoka humo.

Mwanamke mmoja, jina lake Irena, mzaliwa wa Serbia, akaa peke yake katika mji wa New York, naye ni mchoraji wa mitindo ya nguo. Amekua akisikia kwamba katika kijiji chao wako watu wa uzao wa paka wakubwa, ambao wakipandwa na wivu au wakikumbatiwa na mume hugeuka chui. Aolewa na kijana mwema, mchora ramani za merkebu, lakini hathubutu kumpa hata busu. Mume amvumilia, kisha achoka, kisha aanza kumweleza shida zake mwanamke mwenzake wa kazini, Alice. Hiyo ndiyo hadithi. Mtu akiiondoa habari ya chui, bado yabaki hadithi ya ndoa inayokufa polepole. Na kwa sababu hiyo yauma.

Aliyemcheza Irena ni Simone Simon, Mfaransa. Uso wake ulikuwa mdogo na wa duara, na sauti yake ya chini yenye lafudhi ya kigeni. Hakupakwa rangi ya kutisha, hakuvishwa kucha wala manyoya. Yote aliyafanya kwa macho na kwa namna ya kusimama. Aingiapo katika duka la wanyama, ndege na wanyama wote hupiga kelele. Naye hakasiriki, bali hujikunyata kama mtoto aliyefukuzwa mchezoni. Usiku mmoja akiwa katika karamu ya arusi yake mwenyewe, mwanamke asiyemjua, mwenye uso kama wa paka, amkaribia na kumwita dada kwa lugha ya kwao. Hakuna linalofuata. Yule mwanamke aondoka zake, wageni wacheka, na bibi arusi abaki amekufa ganzi. Mimi naona neno lile moja latisha kuliko majeraha kumi, kwa kuwa lamwambia Irena kwamba alilolikimbia limekuja kumpokea.

Kisha yaja ile safari ya usiku. Alice atembea peke yake kando ya ukuta wa bustani kubwa ya New York, na Irena amfuata nyuma. Twasikia viatu vya wanawake wawili juu ya sakafu ya mawe: vya mmoja vikienda pole, vya mwingine vikiharakisha. Hapana muziki. Taa za njiani ziko mbali mbali, na kati ya taa na taa ni giza. Punde si punde viatu vya nyuma havisikiki tena. Alice ageuka, njia ni tupu. Aanza kukimbia, na mara pazuka mngurumo mkali ambao kila mtazamaji huuchukua kuwa wa chui, kumbe ni breki za motokaa ya abiria iliyosimama mbele yake. Dereva amwuliza kama apanda au hapandi. Juu ya ukuta, tawi la mti latikisika.

Hila hiyo ilipata umaarufu hata watu wa sinema wakaipa jina la basi la Lewton, na imeigwa mara nyingi mno. Lakini wengi walioiiga wameshika kishindo cha mwisho na kuacha zile dakika za viatu. Kishindo kila mtu aweza kukifanya, hata kwa kupiga debe. Kazi iko katika kule kunyamaza kunakotangulia.

Katika sehemu nyingine Alice aogelea peke yake usiku katika birika lililo chini ya jengo. Asikia mngurumo. Nuru ya maji yacheza juu ya kuta na dari, na kila kivuli chaweza kuwa mnyama. Apiga kelele katikati ya maji asithubutu kutoka. Taa yawashwa, na hapo mlangoni asimama Irena, mpole, amevaa koti lake, auliza kuna nini. Baadaye lile joho la kuogea la Alice laonekana limeraruliwa vipande. Hatukuonyeshwa lililolirarua.

Wakubwa wa studio hawakuridhika. Walitaka chui aonekane, maana mteja amelipia chui. Tourneur alilazimika kumtia katika chumba cha wachora ramani, lakini alimtia chini ya meza, katika kivuli, hata mtazamaji hajui vizuri alichokiona. Picha yote ilichukuliwa kwa muda usiofika mwezi mmoja, ikagharimu pungufu ya dola 150,000, na ikaleta faida kubwa kwa kampuni iliyokuwa ikiyumba. Mwaka 1993 iliandikwa katika orodha ya taifa ya picha ambazo Marekani imeazimia kuzihifadhi.

Baada ya ushindi huo Koerner akatamka jina la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza: I Walked with a Zombie, yaani Nilitembea na Zombi. Jina lilitoka katika makala ya gazeti. Lewton, akiisha kusononeka, aliamua kuichukua hadithi ya Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha mwaka 1847, na kuihamishia katika kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi.

Hapa msikilizaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kukaza macho. Wataalamu wengi huona kwamba neno zombi lilivuka bahari pamoja na watumwa waliotoka nchi za Kongo, na jambo lenyewe, la mtu aliyekufa akafanywa atembee na kutumika bila nia yake, halitamshangaza yeyote aliyesikia Tanzania habari za msukule. Si ajabu kwamba watumwa wa visiwa vile waliliogopa jambo hilo kuliko kifo. Mauti ndiyo yaliyokuwa mwisho wa utumwa. Zombi ni mtumwa aliyenyang'anywa hata mwisho huo. Picha nyingi za baadaye zimelisahau, zikamfanya zombi kuwa mnyama wa kula watu. Picha ya mwaka 1943 haikusahau.

Yule muuguzi kijana kutoka Kanada, Betsy, afikapo kisiwani, mzee mweusi aendeshaye gari la farasi amsimulia jinsi wazee wao walivyoletwa katika tumbo la merkebu wamefungwa minyororo. Betsy, bila kufikiri, asema kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mzee amjibu kwa adabu, bila kukubali wala kukana. Katika ua wa nyumba ya mashamba imesimama sanamu ya mtakatifu Sebastiani aliyechomwa mishale, nayo ilikuwa imewekwa omoni mwa merkebu ile ile ya watumwa. Maji hutiririka juu ya kifua chake kama machozi. Na mwenye shamba aeleza kwamba watu wa kisiwa hiki hulia mtoto azaliwapo na hufurahi mazikoni. Mtu wa Bagamoyo au wa Unguja hahitaji kufasiriwa hayo. Hofu ya picha hii haitoki kaburini, yatoka katika hesabu ya zamani ambayo haijalipwa.

Tena yuko mwimbaji, Sir Lancelot, mtu wa Trinidad, aliyekuwa mwimbaji wa kalipso hata nje ya sinema. Akiwa kilabuni aimba habari za aibu ya nyumba ya mabwana, jinsi ndugu wawili walivyogombea mwanamke mmoja. Aambiwa kwamba mmoja wa mabwana ameketi pale pale. Aomba radhi kwa unyenyekevu mwingi. Usiku waingia, bwana amelewa na kulala kichwa mezani, na mwimbaji arudi polepole kutoka gizani, amkabili Betsy, aumalizia wimbo beti kwa beti bila kuondoa macho yake usoni pake. Hakuinua mkono wala hakupaza sauti. Mtu wa Lamu au Mombasa, aliyezoea nyimbo za mafumbo, ataijua nguvu ya kitu hicho, na atajua pia kwa nini radhi ile haikuwa radhi.

Sehemu iliyo maarufu zaidi ni mwendo wa usiku. Betsy amchukua mke wa bwana, mwanamke asiyesema wala kufikiri, aliyevaa nguo nyeupe, ampitishe katika shamba la miwa hadi mahali pa ibada pa watu weusi, akitumaini kwamba huko atapona. Kwa dakika kadhaa hakuna neno litamkwalo. Upepo wapita katika miwa. Kibuyu kilichotobolewa kimetundikwa, nacho chapiga mluzi. Mnyama aliyekufa aning'inia mtini. Ngoma zasikika mbali. Penye njia panda asimama mlinzi, Carrefour, na jina hilo kwa Kifaransa ndilo njia panda yenyewe. Kwetu pia njia panda si mahali pa kusimama usiku, na walioweka kafara pale walikuwa na sababu zao. Aliyemcheza ni Darby Jones, mtu mrefu mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa. Hafanyi lolote. Asimama tu, na wanawake wale wampita.

Sitasema kwamba picha hii haina lawama. Watu weusi wamo kwa wingi na wamepewa kumbukumbu na heshima kuliko ilivyokuwa desturi ya Hollywood ya siku zile, lakini hadithi yenyewe ni ya mabwana, na Darby Jones hakupewa hata neno moja la kusema. Jambo la busara zaidi limefichwa mwishoni mwa ule mwendo: sauti ya mungu inayosema nyuma ya mlango wa mahali pa ibada ni ya mama mzungu, mjane wa mmisionari, aliyegundua kwamba watu humsikiliza zaidi juu ya dawa na usafi akijifanya pepo. Lewton hakutwambia kama atendalo ni jema. Aliliacha hapo.

Katika mwaka huo huo wa 1943 Tourneur alitengeneza The Leopard Man, yaani Mtu wa Chui, habari ya chui mweusi aliyepotea katika mji mdogo wa New Mexico. Kama picha nzima ina kasoro zake, na katikati yake yalegea. Lakini robo saa yake ya kwanza sijui mfano wake. Mama amtuma binti yake usiku kununua unga wa mahindi. Binti aogopa, ataja chui. Mama amwona mvivu, amtoa nje na kukomea mlango. Duka la karibu limefungwa. Aenda la mbali, apita chini ya daraja la reli, arudi na unga wake. Sisi sasa tumo ndani pamoja na mama na mdogo wake. Binti agonga, alia kwamba anakuja. Mama adhani ni hila, ajivuta. Kilio chabadilika. Mama akimbilia komeo, komeo limekwama. Kisha pawa kimya, na chini ya mlango wapenya mchirizi wa damu.

Nimesema kwamba damu haionekani ila kwa nadra. Basi hii ndiyo nadra yenyewe. Hakuna jeraha, hakuna meno. Uko mlango, na mama upande wa ndani aliyeufunga kwa mkono wake. Kila mzazi aliyewahi kumtuma mtoto dukani jioni anaijua nyumba ile.

Kampuni ilipomtenga Tourneur ili afanye picha kubwa zaidi, Lewton alimpandisha Mark Robson, ambaye hakuwa ameongoza picha hata moja. Yeye alitoa The Seventh Victim, yaani Mhanga wa Saba, mwaka huo huo. Ni picha ya ajabu, nyeusi kuliko zote, na hadithi yake ina mafundo ambayo hayakufunguliwa. Msichana aliyechezwa na Kim Hunter, katika picha yake ya kwanza, amtafuta dada yake aliyepotea mjini New York, akuta chumba alichokipanga hakina kitu ila kiti kimoja na kitanzi. Dada, aliyechezwa na Jean Brooks, amenaswa na chama cha siri cha waabudu shetani. Nao si watu wenye pembe, ni watu waungwana wa kunywa chai, wenye sauti laini, wanaomkalisha kitini mchana kutwa na kumbembeleza anywe sumu. Jean Brooks hasemi sana. Uso wake mweupe chini ya nywele nyeusi hauonyeshi hofu, waonyesha uchovu, nao watisha zaidi. Mwisho wake hauonekani kwa macho. Jirani yake, mwanamke aliye mgonjwa wa kufa, ameamua kuvaa nguo nzuri atoke akafurahi usiku mmoja wa mwisho. Apita mbele ya mlango wa chumba kile, na nyuma ya mlango yasikika sauti ya kiti kuanguka. Yeye hakuelewa, ashuka ngazi aenda zake.

The Ghost Ship, picha ya nne ya mwaka huo, habari ya nahodha anayepotewa na akili, ilishitakiwa kwamba hadithi yake imeibwa, ikaondolewa, na kwa miaka mingi haikuonekana kabisa. Mwaka 1944 wakubwa walitaka Watu Paka wa pili. Lewton aliwapa jina walilolitaka, The Curse of the Cat People, na ndani yake akatia hadithi ya mtoto mpweke ambaye rafiki yake wa pekee ni kivuli cha marehemu Irena. Hakuna paka wa kutisha ndani yake. Mwongozaji wa kwanza alikawia mno, akawekwa badala yake Robert Wise, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya kuongoza ya mtu ambaye mwaka 1965 aliupa ulimwengu The Sound of Music.

Wise huyo huyo ndiye aliyeongoza The Body Snatcher ya mwaka 1945, kutoka hadithi ya Robert Louis Stevenson. Chanzo chake ni mambo ya kweli. Mwaka 1828 huko Edinburgh watu wawili, Burke na Hare, waliua watu 16 na kuziuza maiti kwa daktari aliyefundisha elimu ya mwili, kwa sababu sheria iliwapa madaktari maiti chache mno. Picha yaanza mwaka 1831, na mwuzaji wa maiti ni mwendesha gari la kukodi, aliyechezwa na Boris Karloff. Karloff alikuwa amejulikana kwa zimwi la Frankenstein, lililoshonwa na kutiwa misumari shingoni. Hapa alitoka na uso wake mwenyewe. Acheka, ampapasa farasi, amwinua mtoto mgonjwa kwa upole. Kisha amgeukia daktari mkubwa, aliyechezwa na Henry Daniell, na kwa maneno ya utani amkumbusha siri yao ya zamani. Watu wale wawili wakiketi meza moja na chupa moja, chumba chote hupoa. Karloff mwenyewe alikiri baadaye deni lake kwa Lewton, ambaye alimwokoa katika kazi ya kuwa sanamu la kutisha.

Humo mnamo tukio la nusu dakika hivi. Msichana mwombaji, aliyezoea kuimba njiani, apita usiku chini ya tao la mawe na kupotea gizani, huku akiimba. Gari la Karloff lamfuata polepole, nalo lapotea gizani. Kamera haisogei. Twautazama mtaa mtupu na kusikiliza wimbo. Wimbo wakatika katikati ya neno.

Isle of the Dead ya mwaka 1945 na Bedlam ya mwaka 1946 nazipita upesi. Zote mbili zina Karloff, zote mbili zimetengenezwa kwa elimu, lakini maneno yamekuwa mengi ndani yake, na giza limepungua. Bedlam ilileta hasara, na kazi ya karakana ile ikaishia hapo.

Kwa nini basi hazijulikani kwa kadiri ya thamani yake? Sababu ya kwanza ni majina yale, ambayo mtu mstaarabu angeona haya kuyataja kwa wenzake. Pili, aghalabu zilionyeshwa pamoja na picha nyingine, na waandikaji wa magazeti wengi hawakujisumbua nazo. Mmoja aliyejisumbua ni James Agee, aliyeandika mara kwa mara kwamba katika vijipicha hivi mna utu na ujuzi kuliko katika kazi nyingi za fahari. Waliojifunza kwa Lewton hawakumsahau. Mwaka 1963 Wise aliongoza The Haunting, ambamo mwanamke aushika mkono wa mwenzake usiku kucha kwa hofu, na taa iwashwapo aona kwamba mwenzake alikuwa amelala upande wa pili wa chumba. Tourneur hakuwa na bahati hiyo: katika Night of the Demon ya mwaka 1957 msimamizi alimlazimisha kulionyesha lile jini waziwazi, mwanzo na mwisho, na hata leo wapenzi wa picha hiyo hubishana juu ya sehemu hizo.

Lewton mwenyewe aliondoka RKO, akahangaika katika studio nyingine, moyo wake ukaharibika. Alikufa mwezi wa Machi mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 46. Mwaka huo ikaonyeshwa picha yake ya mwisho, Apache Drums, ambayo si ya kutisha bali ni ya vita vya magharibi ya Marekani. Karibu na mwisho wake watu wa mji mmoja wamejifungia kanisani usiku. Kuta ni nene, na madirisha yako juu sana, hayafikiwi na jicho. Nje zapigwa ngoma. Hawawaoni adui zao, na wala sisi hatuwaoni. Kuna ngoma tu, na nuru nyekundu ya moto katika madirisha yale, na watu wameinua nyuso zao wakingoja ngoma zinyamaze.